Makumbusho ya nani? Jumba la Tervuren mbele ya wazao wa Lusinga na mbele ya umma

Utangulizi

Neno makumbusho limetokana na kitenzi kumbusha, nacho ni kumbuka kilichotiwa mnyambuliko wa kutendesha. Kwa hiyo makumbusho yoyote yana pande mbili: yuko anayekumbusha, na yuko anayekumbushwa. Lugha nyingi za Ulaya, ambazo zilipokea neno lao kutoka kwa Wayunani wa kale na miungu yao ya sanaa, hazilazimiki kuzitaja pande hizo. Kiswahili kinazitaja ndani ya neno lenyewe, na hapo ndipo panapofaa kuanzia uhakiki wa jumba la Tervuren, karibu na Brussels, ambalo kwa zaidi ya miaka mia moja limekuwa likiionyesha Kongo kwa watu wasio Wakongo.

Makala haya yanalichunguza jumba hilo kwa kupitia kisa kimoja, yaani kisa cha Lusinga lwa Ng'ombe, mtawala wa Watabwa aliyeuawa na kukatwa kichwa tarehe 4 Desemba 1884. Swali ni hili: wazao wa mtu aliyeuawa wanaona nini katika nyumba inayohifadhi matokeo ya jinai hiyo, na umma unaona nini? Hoja inayotetewa ni kwamba wazao na umma wanatofautiana kwanza katika namna ya kumtaja aliyemo ndani. Upande mmoja unamtaja kama mtu. Upande wa pili unamtaja kama kitu. Ukarabati uliokamilika mwaka 2018, pamoja na mema yake yote, uliyabadilisha maelezo ya kitu bila kukirudishia utu.

1. Jumba na asili yake

Mwaka 1897, wakati wa Maonyesho ya Kimataifa ya Brussels, Mfalme Leopold II aliamuru sehemu ya maonyesho hayo ifanyike Tervuren ili Wabelgiji waijue Dola Huru ya Kongo na kuvutiwa na faida zake. Wakongo 267 walisafirishwa hadi huko, wakawekwa katika vijiji vya maonyesho ndani ya bustani ya kifalme, wakatazamwa na zaidi ya watu milioni moja. Saba kati yao walikufa. Makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren.

Jumba kubwa la sasa, lililochorwa na msanifu Mfaransa Charles Girault, lilifunguliwa na Mfalme Albert I mwezi Aprili 1910, miezi michache baada ya kifo cha Leopold. Lilifungwa kwa ukarabati mwishoni mwa mwaka 2013, likafunguliwa tena Desemba 2018.

Waliolijenga hawakukusudia makumbusho ya jinai. Walikusudia sifa. Katika ukumbi wa duara masanamu ya dhahabu ya Arsène Matton yanaionyesha Ubelgiji ikiiletea Kongo ustaarabu na usalama. Katika ukumbi mwingine majina 1,508 ya Wabelgiji waliofia Kongo kati ya 1876 na 1908 yameandikwa ukutani, na hapakuwa na jina hata moja la Mkongo. Lakini kilichokusanywa kwa ajili ya sifa kinaweza baadaye kusomwa kama ushahidi. Katika Kiswahili cha mahakama, kitu kinachowekwa mbele ya hakimu ili kuthibitisha kosa huitwa kielelezo, na mwalimu darasani naye hukiita kielelezo kitu anachowaonyesha wanafunzi ili wapate kuelewa. Vitu vya Tervuren vilianza maisha yao kama vielelezo vya darasani. Vizazi vilivyofuata vimeanza kuvitazama kama vielelezo vya mahakama, ingawa mahakama yenyewe haijaitishwa.

2. Kichwa cha Lusinga

Luteni Émile Storms alitumwa Ziwa Tanganyika na Shirika la Kimataifa la Afrika, ambalo Leopold II alilianzisha mwaka 1876. Kituo chake cha kwanza kilikuwa Karema, pwani ya mashariki; mwaka 1883 alianzisha kingine Mpala, pwani ya magharibi, katika nchi ambayo leo ni mkoa wa Tanganyika. Lusinga alikuwa mtawala mwenye nguvu jirani na Mpala. Alikataa kumtambua mgeni huyo kuwa mkuu wake. Mwezi Desemba 1884 wapiganaji wa Storms walikishambulia kijiji chake, wakamwua, wakakikata kichwa chake na kukipeleka Mpala. Watu wengine wengi waliuawa au kutekwa. Katika nyara ilikuwamo pia sanamu ya mti ya wahenga wa Lusinga.

Fuvu lake, pamoja na mafuvu ya watawala wengine wawili, Maribu na Mpampa, lilisafirishwa hadi Ubelgiji. Mwaka 1886 daktari Émile Houzé aliyapima mafuvu hayo na kuyaeleza mbele ya wanaanthropolojia wa Brussels. Storms alikufa mwaka 1918. Mnamo miaka ya 1930 mjane wake alitoa mali hizo kwa jumba la Tervuren. Mwaka 1964 mafuvu yalihamishiwa katika Taasisi ya Kifalme ya Sayansi za Asili mjini Brussels, na sanamu ikabaki Tervuren, ambako imehesabiwa miongoni mwa kazi bora za sanaa ya Kiafrika. Hivyo mtu na wahenga wake, waliotekwa siku moja, walitenganishwa na idara mbili za serikali moja: mfupa ulihesabiwa kuwa sayansi, mti ukahesabiwa kuwa sanaa.

Uhakiki wa haki hauna budi kusema pia kwamba Lusinga hakuwa malaika. Alijipatia bunduki na utajiri kwa biashara ya pembe na ya watumwa, na Mskoti Joseph Thomson, aliyemtembelea mwaka 1879, alimweleza kama mtu wa kutisha. Storms na waliomsifu waliitumia hoja hiyo kuhalalisha mauaji. Hoja yenyewe haisimami, kwa kuwa wapiganaji waliotumwa kumwadhibu mteka watu nao walirudi na mateka. Hata hivyo, mwandishi anayetaka kumfanya Lusinga kuwa shujaa asiye na doa atakutana na wazao wengine, wale wa waliouzwa, ambao hawakuandikiwa hata kibao. Jumba linalotaka kuitwa makumbusho ya jinai lingepaswa kuwapa nafasi wote wawili. Dhambi ya aliyeuawa haimsafishi aliyemwua, wala haimpi mtu wa tatu ruhusa ya kukaa na kichwa chake.

3. Wazao: yuko, au liko?

Mwaka 2018 mwandishi wa habari Mbelgiji Michel Bouffioux alichapisha katika Paris Match toleo la Ubelgiji uchunguzi ulioonyesha mahali mafuvu yalipokuwa. Katika mwaka huohuo mtu wa ukoo wa Lusinga, mkazi wa Lubumbashi, alimwandikia Mfalme Philippe akiomba babu yao arudishwe ili azikwe. Ombi hilo ni fupi, na uzito wake uko katika sarufi yake. Anayeomba maiti ya babu yake hawezi kusema kwamba fuvu liko Brussels na akaishia hapo. Atasema babu yuko Brussels. Viambishi viwili tu vya ngeli, yu- na li-, vinatenganisha dunia mbili.

Watu wa taasisi za sayansi wamezoea kusema mabaki ya binadamu, na Kiswahili cha magazeti kimeifasiri istilahi hiyo neno kwa neno. Lakini mabaki kwa Mswahili ni kwanza kilichosalia sahanini. Mwenye msiba hana mabaki. Ana marehemu, na marehemu hakuna anayemtoa katika ngeli ya A-WA. Hata neno maiti, ambalo wanasarufi hubishana kama ni maiti yule au maiti ile, linaonyesha kwamba lugha yenyewe inasita kumfanya mfu kuwa kitu. Kusita huko ni adabu. Taasisi iliyohifadhi mafuvu kwa namba za orodha haikusita.

Kisa cha Lumumba kinalithibitisha jambo hili. Patrice Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961, karibu na mji ambao sasa ni Lubumbashi, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, na mwili wake ukaangamizwa. Jino lililosalia liliwekwa na polisi Mbelgiji aliyehusika kuuangamiza mwili huo. Mwaka 2020 binti wa Lumumba alimwandikia Mfalme wa Ubelgiji. Tarehe 20 Juni 2022 familia ilikabidhiwa jino mjini Brussels. Liliwekwa ndani ya jeneza la kimo cha mtu, likazungushwa nchini, likafikishwa Shilatembo palipotukia mauaji, kisha likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni 2022. Hakuna aliyeuliza kwa nini jeneza ni kubwa na jino ni dogo. Waliosimama barabarani walimpokea mtu.

Kwa Lusinga njia imekuwa ndefu zaidi. Sheria ya Ubelgiji ya tarehe 3 Julai 2022 kuhusu urejeshaji wa mali zilizopatikana wakati wa ukoloni ilifungua mlango kwa vitu, ikayaacha nje mabaki ya watu. Tena ilijengwa juu ya mazungumzo ya dola na dola. Ukoo hauna kiti katika mazungumzo hayo. Hapa pana ugumu wa kweli. Watabwa huhesabu ukoo kwa upande wa kukeni, na jina la mtawala hurithiwa pamoja na wadhifa wake. Anayekalia kiti cha Lusinga anaweza asiwe mtoto wa mtoto wake. Vipimo vya vinasaba vinaweza kueleza habari za damu, lakini haviwezi kueleza habari za kiti. Kwa hiyo swali la nani mzao halina jibu katika maabara ya Brussels. Jibu lake liko Moba, Mpala na Lubumbashi, katika mabaraza ya wazee, na huenda likaleta mabishano. Mabishano hayo ni mali ya wenyewe. Kuyatumia kama sababu ya kuchelewesha mazishi ni kumtaka mfiwa alete hati kabla ya kuruhusiwa kulia.

4. Umma na macho yake

Ni kosa kusema umma kana kwamba ni mtu mmoja. Mbele ya Tervuren kuna angalau makundi matatu ya watazamaji.

Kundi la kwanza ni Wabelgiji waliopelekwa huko na walimu wao walipokuwa watoto. Kwao jumba ni tembo aliyejazwa, mamba, mtumbwi mrefu na ngao. Ukarabati wa 2018 uliwataka wabadilishe kumbukumbu ya utoto, na hilo si jambo jepesi. Wapo waliofurahi kuelezwa ukweli; wapo pia, hasa miongoni mwa waliofanya kazi Kongo zamani na jamaa zao, walioona kwamba kazi yao imechafuliwa.

Kundi la pili ni Wakongo na Waafrika wengine waishio Ubelgiji. Kikundi cha wataalamu sita kutoka kwao kilishirikishwa katika matayarisho, na miongoni mwao wapo waliolalamika kwamba walisikilizwa bila kupewa uamuzi. Mwezi Februari 2019 wataalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu watu wenye asili ya Kiafrika walizuru Ubelgiji na kusema kuwa mpangilio mpya haujafika mbali vya kutosha.

Kundi la tatu ndilo kubwa kuliko yote, na halijawahi kuingia: umma wa Kongo. Mwanafunzi wa Kalemie anaijua Tervuren kwa picha, au kwa masimulizi ya aliyepata viza. Mwezi Februari 2022 serikali ya Ubelgiji iliikabidhi ya Kongo orodha ya vitu vipatavyo 84,000. Mwezi Juni mwaka huohuo Mfalme Philippe aliukabidhi mjini Kinshasa uso wa Kakuungu wa Wasuku, lakini kwa azimo lisilo na kikomo. Kumwazima mtu mali yake mwenyewe ni msamiati mpya ambao kamusi za Kiswahili bado hazijaupatia mahali.

Makundi hayo yote matatu, hata yanapolaumu, hulaumu maonyesho: kibao hiki hakitoshi, sanamu ile ingeondolewa, chumba hiki kinaficha. Hiyo ni lawama ya mtazamaji. Wazao wa Lusinga hawaombi kibao kilichoandikwa vizuri zaidi. Maonyesho yakifikia ukamilifu wote unaodaiwa na wataalamu, babu yao atabaki hajazikwa.

5. Majibu ya wasanii

Wasanii Wakongo waliuona upungufu huu mapema. Chéri Samba, katika picha yake ya mwaka 2002 iitwayo Réorganisation, aliwachora Waafrika wakiivuta sanamu ya mtu-chui nje ya jumba huku Wazungu wakijitahidi kuizuia. Picha hiyo ilitungwa kwa ajili ya jumba lenyewe, na sanamu ilikuja kuondolewa katika kumbi na kuwekwa pamoja na nyingine zisizotakiwa tena. Mwaka 2011 Sammy Baloji na Patrick Mudekereza, wote wa Lubumbashi, walizirudia picha za misafara ya kikoloni zilizohifadhiwa Tervuren na kuzionyesha humohumo kwa jina la Congo Far West.

Kazi ya Freddy Tsimba inastahili kusomwa kwa makini. Katika ukumbi wa majina 1,508 aliyaandika majina ya Wakongo waliofia Ubelgiji juu ya vioo vya madirisha, ili jua likipita vivuli vya majina hayo viangukie juu ya yale ya ukutani. Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange, wale saba wa 1897, hupata ukuta kwa saa chache. Siku ya mawingu hawapo. Wanaoiona kazi hiyo kuwa dhaifu wanasema kwamba kivuli hakishindani na maandishi yaliyochongwa. Lakini udhaifu huo ndio habari yenyewe: mwenye jumba ameandikwa kwa jiwe, mgeni aliyefia humo ameachiwa hali ya hewa.

Aimé Mpane ameweka kazi mbili katika ukumbi wa duara. Ya kwanza, ya mwaka 2018, ni kichwa kikubwa cha mti chenye jina linalotangaza pumzi mpya ya Kongo. Ya pili, iliyoongezwa baadaye, ni fuvu la mti linalomkumbuka Lusinga, likikabili kichwa cha kwanza. Masanamu ya dhahabu yamebaki pale kwa kuwa jengo linalindwa na sheria ya urithi. Fuvu la Mpane linafanya kazi ambayo hakuna kibao kilichoweza kuifanya: linamlazimisha mgeni, kabla hajasoma lolote, kujua kwamba ameingia mahali pa kifo. Hata hivyo lina mtego ndani yake. Wakati fuvu la mti lilipopewa heshima ya ukumbi, fuvu la mfupa lilikuwa bado limehifadhiwa katika taasisi nyingine ya mji huohuo. Sanaa ilichukua nafasi ya deni, na mtazamaji angeweza kutoka nje akidhani limelipwa. Kosa hilo si la msanii. Ni la taasisi inayoagiza ukumbusho huku ikiacha mambo yalivyo.

Mwaka 2022 sanamu ya Storms iliyokuwa imesimama Ixelles, mjini Brussels, iliondolewa. Mwuaji alishushwa kwenye nguzo kabla aliyeuawa hajashushwa kaburini.

6. Kiswahili ndani ya kisa

Jarida la Kiswahili lina sababu ya ziada ya kukitazama kisa hiki. Misafara iliyofika Ziwa Tanganyika, ya wafanyabiashara wa Unguja na ya Wazungu vilevile, ilitembea kwa Kiswahili. Maneno waungwana na rugaruga, yanayojaa katika maandishi ya wasafiri wa wakati huo, ni majina ya watu waliobeba mizigo na bunduki kwa amri za wengine. Lugha hii haikuwa shahidi wa mbali, ilikuwamo kambini. Baadaye, katika misheni ya Mpala na kwingineko, ikawa lugha ya shule na ya sala, na hatimaye lugha ambayo wazao wa walioshambulia na wa walioshambuliwa huzikana nayo.

Ndani ya Tervuren maelezo ya kudumu yameandikwa kwa Kiholanzi, Kifaransa, Kijerumani na Kiingereza. Lugha za Kiafrika zimepewa chumba chao pamoja na muziki. Mpangilio huo una maana: lugha nne zinaeleza, nyingine zinasikilizwa. Mzee wa Moba akifikishwa mbele ya sanamu ya wahenga wake atahitaji mkalimani ili aelezwe yeye ni nani.

Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha kwamba jumba la Tervuren limejitahidi kubadili linachokisema, na kwamba juhudi hiyo haidharauliki. Kizazi cha Wabelgiji kinachojifunza humo leo kinasikia habari ambazo baba zao hawakusikia. Kwa maana hiyo ni makumbusho halali, kwa kuwa anayekumbushwa ndiye aliyekuwa amesahau.

Lakini wazao wa Lusinga hawakusahau, na haiwafai kukumbushwa. Kwao makumbusho ni neno lisilo mahali pake. Wanalolitaka ni mazishi, na mazishi hayahitaji kabati la kioo wala ukarabati. Yanahitaji mwili, kaburi na siku za matanga. Ndiyo maana hukumu juu ya jumba la jinai haiwezi kutolewa kwa kuhesabu wageni wake wala kwa kusifu vibao vyake. Kuna kipimo kilicho rahisi zaidi, ambacho hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kukitumia: asikilize mwenye jumba anapomtaja aliyemo ndani, aone kama anasema yuko au liko.